Mungu wa Mwarobaini Katika Hekalu la Mawe

Nimesomea historia ya majengo, na watu wakishajua hivyo huniuliza mnara wa hekalu la Kihindu una maana gani. Ukiyatazama mawe peke yake, jibu utakalopata ni nusu tu. Hekalu la Jagannath mjini Puri, katika jimbo la Odisha, mashariki mwa India, ndilo lililonifundisha hivyo.

Ujenzi wake ulianza karne ya 12, enzi za mfalme Anantavarman Chodaganga, na mnara mkuu una urefu wa takriban mita 65. Mafundi wa Odisha huutaja mnara kama mwili: una miguu, miundi, kiwiliwili, shingo na kichwa. Kiwiliwili hupanda karibu wima, kisha hujikunja kwa ndani kinapoikaribia shingo. Juu ya shingo limekaa jiwe kubwa la mviringo lenye mbavu, yaani amalaka, na kileleni kabisa kuna gurudumu la Vishnu, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu, ambaye Jagannath huhesabiwa kuwa umbo lake. Chini, ndani ya mwili huo mkubwa, mna chumba kimoja cha giza kisicho na dirisha. Kumbi tatu zimepangwa mbele yake kuelekea mashariki, hivyo anayeingia huliacha jua mgongoni na giza huzidi kadiri anavyosogea mbele.

Humo chumbani ungetarajia sanamu ya jiwe. La, ni mti. Jagannath, kaka yake Balabhadra na dada yao Subhadra wamechongwa kwa mwarobaini, mti uleule tunaouchemsha majani huku kwetu mtu akishikwa na homa. Jagannath ni mweusi, ana macho makubwa ya mviringo, mikono iliyoishia njiani, na hana miguu. Ukizoea sanamu za Kihindu zilizochongwa hadi kucha za vidole, hii inakushtua.

Hadithi ya wenyeji inasema mungu huyu aliabudiwa kwanza msituni na Vishvavasu, mkuu wa Wasabara, watu wa porini. Vidyapati, Brahmani (mtu wa tabaka la makuhani) aliyetumwa na mfalme kumtafuta, alimwoa binti wa mkuu huyo na kumbembeleza baba mkwe amwonyeshe. Alipelekwa akiwa amefungwa macho, naye akawa anadondosha mbegu za haradali njiani. Zilipoota, njia ikajulikana. Wahudumu waitwao Daita wanajihesabu kuwa kizazi cha Wasabara hao, na hadi leo kazi za ndani kabisa ni zao. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko mnara wote: jengo ni la wafalme, lakini mwenye kuushika mwili wa mungu ni mtoto wa msituni.

Na mwili huo unachoka kama wetu. Siku ya mwezi mpevu wa Jyeshtha, mwezi mmojawapo wa kalenda ya Kihindu, huogeshwa hadharani kwa vyungu 108 vya maji. Rangi huharibika, na husemwa kwamba miungu imeshikwa na homa. Kwa takriban siku 15 hawaonekani; Daita huwauguza kwa dawa za mitishamba na kuwapaka rangi upya, na waumini huabudu picha zilizochorwa kwenye kitambaa. Kila baada ya miaka kadhaa, mwezi unaofuata, Ashadha, unapojirudia katika kalenda hiyo, huchongwa sanamu mpya, kama ilivyokuwa mwaka 1996 na 2015. Zile za zamani huzikwa ndani ya ua wa hekalu, na Daita hukaa matanga kama waliofiwa na ndugu.

Asiye Mhindu haruhusiwi kuingia hekaluni. Hata mimi nimeliona kwa nje tu. Ila wakati wa Rath Yatra, sikukuu ya magari ya miungu ya kila mwaka, miungu hutoka yenyewe, na yeyote aliye barabarani huwaona. Magari matatu ya mbao hujengwa upya kila mwaka: la Jagannath lina magurudumu 16, la Balabhadra 14, la Subhadra 12, na paa zake za vitambaa huiga umbo la paa za hekalu. Kabla hayajavutwa kwa kamba, mfalme wa Puri huyafagia kwa ufagio wenye mpini wa dhahabu. Safari ni ya kama kilomita tatu, hadi hekalu la Gundicha.

Lakshmi, mke wa Jagannath, huachwa nyumbani, na hapo ndipo watu wa Puri wanaponifurahisha zaidi. Siku ya tano hupelekwa Gundicha kwa hasira, na kipande cha gari la mumewe huvunjwa. Jagannath akirudi, hukuta mlango umefungwa. Wahudumu wa pande mbili hujibizana, huyu akimsemea mke na yule mume, mpaka Jagannath atoe rasagola, vidonge vya maziwa vilivyolowekwa kwenye shira, ndipo afunguliwe. Tangu 2015 watu wa Odisha huiadhimisha siku hiyo ya kurudi kuwa siku ya rasagola.