Chadwick Boseman: usimwangalie, msikilize

Kazi yangu ni kufundisha waigizaji kuongea. Sio kuigiza, kuongea tu: pumzi inaanzia wapi, ulimi unakaa wapi, mtu wa Tanga anavutaje maneno tofauti na mtu wa Kigoma. Watu wakisikia wanacheka, eti kwani kuongea nako kunafundishwa? Kunafundishwa, na nikitaka kuwaziba mdomo nawatajia jina moja tu, Chadwick Boseman, yule mwigizaji wa Kimarekani wa muvi ya Black Panther. Wengi wanamjua kwa ile suti nyeusi na mikono kuipishanisha kifuani, lakini mimi nikimfuatilia toka mwanzo mpaka mwisho naona mtu ambaye kila uhusika aliocheza aliuanzia mdomoni.

Alizaliwa tarehe 29 Novemba 1976 Anderson, South Carolina, mama nesi, baba mfanyakazi wa kiwanda cha nguo ambaye pembeni alikuwa na biashara ya kuvisha makochi vitambaa. Shuleni alikuwa mtu wa basketi. Mwenzake wa kwenye timu akapigwa risasi akafa, na yeye akauchukua ule uchungu akauandikia mchezo wa jukwaani, Crossroads, ukachezwa pale pale shuleni. Kwahiyo huyu alianza kwa kalamu. Hata alipoenda chuo cha Howard kule Washington alisomea uongozaji, akamaliza mwaka 2000, hakwenda kutafuta ustaa. Naling'ang'ania hili kwasababu mtu aliyewahi kuandika maneno ya kusemwa na wengine anajua neno likiwa halikai mdomoni, darasani nawatambua wanafunzi wa hivyo siku ya kwanza tu.

Howard ndo alikutana na mwalimu wake Phylicia Rashad, wale wa umri wangu mnamkumbuka kama yule mama wa kwenye The Cosby Show. Boseman na wenzake wakapata nafasi ya kwenda kusoma uigizaji Oxford, Uingereza, kozi ya kipindi cha joto, ila hela hawana. Rashad akazungumza na watu wake, na aliyekuja kumlipia Boseman ni Denzel Washington. Mwaka 2019, kwenye hafla ya kumtunza Denzel, kijana mwenyewe akasimama mbele ya ukumbi akasema bila Denzel hakuna Black Panther. Hiyo Oxford iwekeni kiporo, tutairudia.

Baada ya chuo maisha yakawa ya kawaida ya msanii asiye na jina. Brooklyn, kuandika michezo, kufundisha watoto maigizo pale Schomburg, Harlem. Mwaka 2003 akapata nafasi kwenye All My Children, moja ya zile tamthilia za mchana zinazoenda miaka nenda rudi, acheze kijana mweusi wa mtaani anayevutwa na magenge. Akaenda kwa mabosi akauliza swali ambalo mwigizaji yeyote aliyefundishwa vizuri angeuliza: huyu kijana baba yake yuko wapi, mama yake ni nani? Akajibiwa baba alishasepa, mama mtumia heroini. Akasema anavyoona, kwa adabu zote, na haikuchukua muda kazi ikaisha. Stori hii aliisimulia mwenyewe Howard mwaka 2018 alipoalikwa kuongea na wahitimu. Na aliyeletwa kuchukua nafasi yake kwenye ile tamthilia ni Michael B. Jordan, ndio, Killmonger mwenyewe, yule adui wake wa kwenye Black Panther, miaka 15 baadaye wanakuja kugombania kiti cha enzi kwenye muvi moja. Ukiandika hivyo kwenye script dairekta anakwambia punguza.

Jina alikuja kulipata 2013, ana miaka 36, kwenye muvi inayoitwa 42, alipomcheza Jackie Robinson, yule mchezaji wa besiboli aliyeingia Brooklyn Dodgers 1947 na kuvunja ule ukuta wa ligi kuu kuwa ya wazungu tu. Mwaka uliofuata akamcheza James Brown kwenye Get on Up, na hapa sasa ndo nilipoanza kumfuatilia kikazi. Nyimbo nyingi mle ndani ni rekodi za James Brown mwenyewe, Boseman anafuatisha midomo, kwahiyo watu wakasifia kucheza miguu. Sawa, miguu. Lakini msikilize anapoongea! James Brown alikuwa anaongea kama mtu ana kokoto kooni, maneno yanamezana, sentensi inaanza juu inaishia haisikiki, na ukiigiza hivyo bila ufundi koo linaisha ndani ya wiki. Kilichomsaidia, na hili ni la kwangu mimi, ni kwamba James Brown naye ni mtu wa South Carolina, kazaliwa Barnwell. Ile lafudhi Boseman hakwenda kuikopa, aliikuta nyumbani kwao akaichakaza makusudi.

2017, kwenye muvi ya Marshall, akamcheza Thurgood Marshall, mwanasheria aliyekuja kuwa jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Wakenya huyu ni mtu wenu kidogo, maana 1960 alikuwepo kwenye mazungumzo ya Lancaster House London kama mshauri wa wajumbe wa Kiafrika wa Kenya, akaandaa rasimu ya sheria ya haki za watu. Sasa utamu wa hiyo muvi kwa mtu wa kazi yangu ni huu, jaji anamkatalia Marshall kuongea mahakamani, anaruhusiwa kukaa tu pembeni ya wakili mwingine. Yaani unampa mwigizaji wa sauti uhusika wa mtu aliyefungwa mdomo. Aliongea kwa pua, kwa kuvuta hewa, kwa ile kukohoa ya hasira. Huwa nakichezesha kipande cha mahakamani darasani bila picha na wanafunzi bado wanajua lini amekasirika.

Haya, Wakanda, ile nchi ya kubuni ya kwenye Black Panther.

Marvel, wenye hizo muvi, walimtangaza kuwa ndo Black Panther Oktoba 2014, na mara ya kwanza kuonekana ni Captain America: Civil War ya 2016. Kwenye maandalizi ukaja mjadala T'Challa, huyo mfalme wa Wakanda anayemcheza, aongeeje. Kulikuwa na mawazo aongee Kiingereza cha Uingereza au hata cha Kimarekani, hofu ikiwa watazamaji watachoka kusikiliza lafudhi ya Kiafrika muvi nzima. Boseman akagoma. Hoja yake ilikuwa rahisi ila nzito: hii nchi haijawahi kutawaliwa na mkoloni, sasa mfalme wake lafudhi ya Kiingereza cha kizungu kaitoa wapi? Kwao kuna elimu kuliko ya hao wengine, hahitaji kwenda kusomea Ulaya ndo aonekane kasoma. Na anayesema haya ni mtu aliyesoma Oxford kwa hela ya Denzel! Alikuwa na ile sauti ya kizungu mfukoni, angeitoa muda wowote, akaamua isitoke.

Sasa kwanini Kixhosa, wakati Wakanda inasemwa iko huku kwetu Afrika Mashariki? Hili naulizwa kila wiki na watu wamenuna kweli kweli, wanataka Kiswahili. Jibu ni John Kani, mzee wa Afrika Kusini aliyecheza baba yake T'Challa. Kixhosa ni lugha yake, kwenye Civil War akapendekeza baba na mtoto waongee kwa lugha hiyo, Boseman akajifunza mistari yake, na Ryan Coogler alipokuja kuongoza Black Panther akakuta lugha ishakaa. Tungekuwa na mzee wetu kwenye ile seti siku ile labda leo tunaongea mengine, ila hatukuwa naye.

Na mimi nakuambia sikio la Mswahili halikupoteza kitu. Kixhosa ni ndugu yetu wa Kibantu, irabu zake za msingi ni a, e, i, o, u kama zetu, na kinavuta silabi ya pili kutoka mwisho, kama sisi tunavyoikazia. Ndo maana T'Challa akiongea Kiingereza kila silabi inapata chakula chake, haimezwi, na wewe uliyekaa kibandaumiza Mbagala unahisi huyu jamaa anaongea kama mjomba mmoja msomi hivi. Vile vidoko vya ulimi ndo vigeni kwa wengi, japo hata hapo tusijitie ugeni sana, Wasandawe na Wahadzabe wapo hapa hapa Tanzania na lugha zao zimejaa vidoko. Ile c ya Kixhosa iko karibu kabisa na sauti unayoitoa ukisikia habari ya kusikitisha.

Niliwahi kuitwa studio moja nimnyooshe kijana wa Kipemba, tangazo la biashara, wakitaka aongee "kawaida". Nikauliza kawaida ya wapi? Kijana ana Kiswahili kitamu mpaka unataka kulia. Nilifanya ile kazi kwasababu kodi ilikuwa imefika na mpaka leo nikilisikia lile tangazo nabadilisha stesheni. Boseman aliweka dili lake mezani kwa jambo lile lile mimi nililolinyamazia, tofauti ndo hiyo.

Black Panther ikatoka Februari 2018, Kisumu nako ikaonyeshwa mapema, nyumbani kwa kina Lupita Nyong'o, ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani, ikatajwa Oscar mara 7 ikabeba 3. Hayo mnayajua.

Ambacho hatukukijua ni kwamba toka 2016 alikuwa na saratani ya utumbo mpana, iligundulika ikiwa hatua ya tatu. Hakutangaza. Alifariki tarehe 28 Agosti 2020 nyumbani kwake Los Angeles, miaka 43, na ndipo familia ikasema kuanzia Marshall mpaka muvi zake za mwisho zote zilipigwa katikati ya upasuaji usio na idadi na dawa za kemo. Mimi niliposoma hiyo taarifa nilikaa chini. Utumbo mpana uko tumboni, na sauti ya mwigizaji inasukumwa kutoka tumboni, misuli ya tumbo ndo pampu yenyewe. Nina mwanafunzi alijifungua kwa upasuaji, akarudi darasani baada ya miezi mitatu, akijaribu kupaza sauti anashika tumbo anakaa. Huo ni mkato mmoja. Ikabidi nirudi kuzisikiliza muvi zote upya.

Ya mwisho kabisa ni Ma Rainey's Black Bottom, ilipigwa Pittsburgh 2019, ikatoka Desemba 2020 yeye hayupo. Anacheza Levee, mpiga tarumbeta, Chicago 1927, mtu mwenye mdomo kuliko wote aliowahi kuwacheza, anaongea haraka, juu, hewa inaisha kabla ya maneno. Ni kinyume cha T'Challa kila kitu. Kuna sehemu anamgombeza Mungu, anamuuliza alikuwa wapi mama yake alipokuwa anafanyiwa unyama. Colman Domingo, aliyekuwa naye kwenye hiyo scene, alisimulia kwamba wakati wanapiga Boseman alisimama katikati, kama vile hawezi kuendelea, na Domingo akampigia kelele, niambie! Akaendelea.

Nikiifundisha hiyo sehemu nazima picha. Naacha sauti tu, nawaambia wanafunzi wahesabu kila anapovuta hewa na waweke alama kwenye karatasi. Wiki iliyopita binti mmoja alifika alama ya kumi na kitu akaweka kalamu chini, akaniambia mwalimu naomba tusimamishe kidogo. Tukasimamisha.