Mhuri Peke Yake Hautoshi: Mjue Wakili Kabla ya Kumlipa

Wiki ya Sheria inapofika, mwishoni mwa Januari, mawakili wa Chama cha Mawakili Tanganyika, TLS, hukaa kwenye mabanda pamoja na watumishi wa Mahakama na kutoa ushauri bila malipo. Mirathi na viwanja ndivyo vinavyoleta watu wengi. Lakini karatasi inayotuumiza kuliko zote ni ile hati ya kiapo au mkataba wa mauziano wenye mhuri wa duara, wino umekolea, halafu ukitafuta jina la aliyeuandaa hulioni. Mwenye nao ameulipia. Ameambiwa mwanasheria ameshagonga. Ukimuuliza mwanasheria yupi, hajui.

TLS ilianzishwa kwa sheria mwaka 1954 na inahudumia Tanzania Bara. Zanzibar ina chama chake. Wengi wanaifahamu TLS kwa uchaguzi wa rais wake, kama ule wa Dodoma wa Agosti 2024, ambao ulijaa kwenye vyombo vya habari. Kazi nyingine haitangazwi sana. Kifungu cha 4 cha sheria iliyoianzisha kinaitaka isimamie elimu na mwenendo wa mawakili, iwatetee wanachama wake, na pia iwalinde na kuwasaidia wananchi katika mambo yanayohusu sheria. Kwa hiyo mwananchi anayekuja na malalamiko dhidi ya wakili hajaja kuomba fadhila. Amekuja kudai kitu ambacho sheria ilishamwekea.

Tuanze na vishoka, yaani wanaojifanya mawakili, kwa sababu huko ndiko fedha nyingi zinakopotelea. Mtu anaweza kuwa na shahada ya sheria na bado asiwe wakili. Mhitimu wa chuo kikuu hupitia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo ilianza kupokea wanafunzi mwaka 2008, kisha hukubaliwa na Jaji Mkuu na jina lake kuingizwa kwenye Daftari la Mawakili. Hata hapo hajamaliza. Lazima awe na leseni ya mwaka husika, na leseni hiyo huisha tarehe 31 Desemba. Aliyekuonyesha leseni ya mwaka jana hajakuonyesha kitu. Mahakama zetu zimewahi kukataa nyaraka zilizoandaliwa na wakili ambaye leseni yake haikuwa hai, na anayeumia ni mteja, maana kesi ni yake.

Kuhakiki ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa mtandaoni uitwao e-Wakili. Unatafuta jina na kuona kama anaruhusiwa kufanya kazi. Asiye na simu ya intaneti anaweza kuuliza ofisi ya TLS au masjala ya Mahakama Kuu iliyo karibu. Usione haya kumuuliza wakili mwenyewe. Wakili wa kweli hakasirikii swali hilo.

Kisha tazama mwisho wa waraka. Sheria ya Mawakili inamtaka anayeandaa hati za kisheria kwa malipo aandike jina na anwani yake kwenye hati hiyo, na ofisi ya usajili hairuhusiwi kuipokea bila jina hilo. Ndiyo maana ya yale maneno “Imeandaliwa na” chini ya ukurasa. Pakiwa patupu, au pameandikwa jina lako wakati wewe hukuandika hata mstari mmoja, rudisha karatasi na udai fedha yako siku hiyo hiyo.

Kiapo kina masharti yake. Unaapa mbele ya Kamishna wa Viapo, yaani mtu anayeruhusiwa kisheria kuapisha, macho kwa macho, naye anaandika jina lake, mahali na tarehe. Mtindo wa kumpa bodaboda karatasi apeleke ikagongwe, wewe ukiwa dukani kwako, unaweza kuua maombi yako yote mahakamani kabla hata hayajasikilizwa.

Malipo yana mwongozo: ipo Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015. Ombeni makubaliano ya maandishi na risiti kwa kila awamu. Fedha za mteja, kwa mfano za mauzo ya nyumba au fidia, zinapaswa kukaa kwenye akaunti ya wateja, mbali na fedha za ofisi. Na anayekuhakikishia ushindi mkimbie, maana hakuna wakili mwenye hukumu mfukoni. Asiye na uwezo wa kulipa asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua watoa msaada wa kisheria na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, ingawa msaidizi wa kisheria hawezi kusimama mahakamani kukuwakilisha.

Je, wakili akikukosea? Kushindwa kesi si kosa la kinidhamu, na malalamiko mengi yanakwama hapo. Kula fedha za mteja, kutofika mahakamani bila sababu, kutoa siri zako au kuwatumikia wewe na mpinzani wako kwa pamoja ni mambo mengine kabisa. Yanagusa kanuni za maadili ya mawakili za mwaka 2018. Andika malalamiko, ambatisha risiti, makubaliano na mwenendo wa kesi, upeleke TLS. Lipo pia shauri la kinidhamu mbele ya Kamati ya Mawakili, yenye jaji wa Mahakama Kuu, upande wa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na wakili aliyeteuliwa na TLS. Kamati inaweza kumwonya, kumsimamisha au kuliondoa jina lake kwenye Daftari.

Ila malalamiko hayasimamishi muda wa rufaa, na hili linawaponza wengi. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya una siku 30. Kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu, siku 45. Omba nakala ya hukumu mara inaposomwa, tafuta wakili mwingine, na suala la nidhamu liendelee pembeni.