Sindano ikimchoma muuguzi, hatari si VVU pekee

Muuguzi akijichoma na sindano iliyotumika, swali la kwanza huwa: "Mgonjwa ana VVU?" Wengi huamini hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Sivyo. Sindano yenye damu ya mwenye VVU huambukiza takriban mara 3 katika kila 1,000. Homa ya ini B, kwa asiyechanjwa, inaweza kufika mara 300, na kirusi chake huishi hata siku 7 kwenye tone la damu lililokauka juu ya toroli. Inauma kuona mtu anafanya zamu wodini bila dozi zake 3 za chanjo. Ukichomwa, usikamue kidonda. Osha kwa maji tiririka na sabuni, toa taarifa papo hapo: dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, na chanjo ya homa ya ini hufaa hata baada ya kuchomwa.