Ruta haina haya

Kwenye ruta, kifaa kinachoelekeza data, mtandao unaopakana na wako huitwa jirani. Neno tamu, na mimi liliniponza. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimfungulia jirani mmoja mlango bila kichujio cha njia, yaani matangazo ya anwani zinazofikika kupitia kwake, kisa mhandisi wao tulikuwa tunakunywa kahawa pamoja. Usiku mmoja akakosea mstari mmoja, akanimwagia njia za dunia nzima. Ruta yangu ikazidiwa, wateja wakakatika. Asubuhi aliniomba radhi, nusura alie.

Ruta yake haikuomba radhi. Jirani wa mtaani unamwamini kwa sababu anaona haya, na kesho atakuja kukuomba chumvi. BGP, itifaki (kanuni za mawasiliano) iliyobuniwa 1989 ambayo ruta huitumia kuelekeza data baina ya mitandao, ilichukua kule kuamini tu, haya ikaziacha.

Tarehe 24 Februari 2008 serikali ya Pakistan ilikuwa imeagiza YouTube ifungwe nchini. Pakistan Telecom wakatangaza kwamba sehemu ya anwani za YouTube, 208.65.153.0/24, yaani anwani 256, ziko kwao. Lilikusudiwa liwe jambo la ndani, ila likavuja hadi kwa PCCW wa Hong Kong, waliokuwa wakiwauzia intaneti. Nao hawakuchuja, wakalipitisha kwa dunia. YouTube wenyewe walikuwa wanatangaza /22, yaani anwani 1,024 kwa mkupuo. Pakistan walitaja hizo 256 tu, na ruta hufuata tangazo lililo finyu zaidi. Ukiulizia nyumba ya mtu, mmoja akakwambia "mtaa ule" na mwingine "geti lile la kijani", utamfuata wa geti, hata kama ni mwongo. YouTube wakajibu kwa kutangaza /24 yao, kisha /25 mbili za anwani 128 kila moja, finyu kuliko za Pakistan. Sakata zima lilikula kama saa mbili.

Siku hizi tuna RPKI, mfumo wa vyeti vya anwani: huku Afrika, AFRINIC, shirika linalogawa anwani za intaneti, ndio wanaotoa vyeti vinavyoonyesha mtandao upi una haki ya kutangaza anwani zipi. Nimeiwasha, na ninaipenda. Lakini hati ya kiwanja inakuonyesha mwenye kiwanja. Haikwambii kama anayekuelekeza njia ya kufika ni mkweli. Kwa hiyo vichujio bado naviandika, na kila jirani nampa ukomo wa idadi ya njia: akiuvuka, mlango unajifunga.

Yule rafiki nilimpa ukomo wa njia 200. Nilipomwambia, kwa aibu kidogo, alicheka. Yeye alikuwa amenipa 150.