Kubadilisha mandhari ya zamani kwenye meza ya treni za mfano

Kilima cha plasta kilichokaa miaka thelathini hakitoki kwa kubembelezwa, lakini nyundo huharibu zaidi. Mtikisiko hupita kwenye mbao na kufungua solda za nyaya mbali kabisa na pale unapogonga. Mimi hukata, sipigi.

Nazungumzia kipimo cha HO, yaani 1:87, chenye milimita 16.5 kati ya reli mbili. Anza na penseli: ifunge ubavuni mwa behewa lako refu kuliko yote, katikati kisha nchani, ulisukume polepole sehemu nzima. Kwenye kona, tumbo la behewa huingia ndani na ncha zake hutoka nje, kwa hiyo mistari miwili haitalingana. Ongeza milimita 3 kwa kila upande; ukuta au mti usivuke hapo.

Zima umeme. Funika reli kwa utepe wa karatasi wa wapaka rangi, na kwenye swichi, yaani pale njia ya reli inapogawanyika, uweke tabaka mbili, maana punje moja ya plasta ikikwama kati ya ulimi (kipande cha reli kinachosogea) na reli, treni inaanguka. Loanisha plasta kwa maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, subiri dakika 15, ukate vipande vidogo kwa kisu kigumu. Maji hutuliza vumbi pia. Kama meza ni ya chipboard, yaani ubao wa chembe za mbao zilizogandamizwa, tumia maji kidogo mno, kwani ikivimba hairudi. Na mandhari ya miaka ya 1950 au 1960 itilie shaka: wapo waliochanganya plasta na asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu. Usipojua kilichomo, usiiguse mpaka ipimwe.

Mandhari mpya ijenge pembeni, juu ya plaiwudi ya milimita 6, si mezani. Kilima kitokane na mbao za polistireni ngumu (povu la plastiki) zilizopangwa tabaka kwa tabaka. Rangi ya kopo la kupuliza huiyeyusha polistireni, kwa hiyo ipake kwanza plasta nyembamba au rangi ya maji. Gundi nyeupe ya mbao katikati ya mbao mbili pana za polistireni hukauka taratibu sana kwa kukosa hewa. Weka uzito juu, uache siku mbili.

Kazi yenyewe hasa iko kwenye kiungo. Ukikata mstari ulionyooka katikati ya majani, utaonekana daima hata uujaze vipi. Mpaka upitishe kwenye kitu ambacho kina ukingo tayari: ukuta, mtaro, kando ya barabara. Palipobaki ufa, jaza vipande vya karatasi laini vilivyolowekwa gundi. Majani ya zamani yamepauka na kushika vumbi, na kijani kipya kitapiga kelele kando yake. Nyunyiza majani mapya machache hadi sentimita 10 ndani ya eneo la zamani.

Kokoto za reli hushikwa kwa gundi nyeupe na maji, nusu kwa nusu, baada ya kuzilowesha kwa spiriti ili gundi isiviringike juu. Karibu na ndimi za swichi usidondoshe gundi kabisa: hutambaa chini ya mataruma na kuzigandisha. Hapo paka kwa brashi, na uichezeshe swichi kila dakika chache hadi gundi ikauke.