Mgonjwa wa kipindupindu hanyimwi maji

Bado wapo wazazi wanaoamini kwamba anayeharisha akipewa maji ataharisha zaidi, na kwa hiyo humzuia mgonjwa wa kipindupindu asinywe chochote mpaka tumbo litulie. Imani hiyo ni ya hatari sana, kwa kuwa kinachomuua mgonjwa huyo ni upungufu wa maji na chumvi mwilini, ambao unaweza kumaliza uhai wa mtu mzima mwenye afya njema kwa saa chache tu.

Ni kweli kwamba kunywa hakukatishi kuharisha papo hapo. Hata hivyo, sumu ya bakteria wa kipindupindu, ingawa huufanya utumbo mwembamba umwage maji kwa wingi, haiharibu njia ambayo sukari na chumvi hufyonzwa kwa pamoja, na viwili hivyo vinapoingia mwilini huvuta maji. Ndiyo maana pakiti ya ORS, yaani unga wa kurudisha maji mwilini, unaokorogwa katika maji safi na salama, ina sukari na chumvi. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi kutoka Bangladesh huko Bongaon, India, dripu zilipokwisha, daktari Dilip Mahalanabis aliwanywesha wagonjwa mchanganyiko wa aina hiyo, na vifo vilivyokuwa vikifikia asilimia 30 vikashuka hadi chini ya asilimia 4.

Mgonjwa akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea kumpa kidogo kidogo kwa kijiko. Aliyelegea kiasi cha kushindwa kunywa anahitaji dripu bila kuchelewa. Anayeweza kunywa naye apelekwe kituo cha afya, huku akinyweshwa njia nzima.