Uwajibikaji wa kijamii na uendelevu: somo linaloanzia kwenye daftari la gharama

Muulize mtu wa Nairobi kampuni huwajibika vipi kwa jamii, atakueleza picha. Meneja kavaa suti, mwalimu mkuu kavaa suti, katikati yao hundi ya kadibodi yenye ukubwa wa mlango, na nyuma watoto wanapiga makofi. Au ni Jumamosi: wafanyakazi wamevalishwa fulana zenye nembo, wanapanda miche msituni Ngong, na ikifika saa saba wako kwenye nyama choma. Nani atarudi kuinyweshea hiyo miche, hilo halimo kwenye ratiba.

Huo ni ukarimu, na sina ugomvi nao. Wengi wetu tulisomea madarasa yaliyoezekwa kwa pesa za harambee. Lakini ukarimu huja faida ikishapatikana, watu wakakaa kuamua nani agawiwe. Uwajibikaji wa kijamii huuliza mapema zaidi: faida hii imepatikanaje, na ni nani aliyebeba gharama bila kulipwa? Kampuni inaweza kujengea shule vyoo mwezi wa tatu, na mwezi wa nne ikafungulia maji yake ya rangi mtoni usiku wa manane. Kwenye ukarimu imepita. Kwenye uwajibikaji imeanguka.

Neno la pili, uendelevu, ni la juzijuzi, na linaponza watu kwa sababu limetokana na kuendelea. Ukilisikia unadhani habari yake ni biashara kutofungwa. Ila kuna biashara zinazoendelea miaka 30 huku zikitafuna kile kile kilichoziweka hai. Darasani mimi hulifasiri kwa lugha ya soko la Gikomba: kutokula mtaji. Umeingia sokoni na bidhaa za shilingi 10,000, jioni umeuza 12,000. Faida yako ni 2,000. Ukirudi nyumbani ukatumia 5,000, umekula 3,000 za mtaji, hata kama siku hiyo uliiona tamu. Uendelevu ni hesabu hiyo hiyo, isipokuwa mtaji unahesabiwa kwa upana: mto umo, udongo umo, hewa imo, mapafu ya mfanyakazi yamo. Tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norway ililiweka hivi mwaka 1987: maendeleo yanayokidhi mahitaji ya leo bila kuwanyima watakaokuja uwezo wa kukidhi yao. Mama wa Gikomba angesema usile mbegu.

Nafundisha uhasibu wa gharama, madarasa ya jioni, katikati ya jiji. Wanafunzi wangu ni watu wazima, wengi wanatoka kazini moja kwa moja, wengine wana biashara zao. Miaka kadhaa iliyopita mmoja wao, dada mwenye kibanda cha chipo mtaa wa Pipeline, alijitolea tumtumie kama mfano. Tukaandika ubaoni: viazi, mafuta, makaa, kodi ya kibanda, tomato na pilipili, mfuko wa karatasi, leseni ya kanjo (serikali ya jiji), na mshahara wa kijana anayekaanga. Chipo ya mia ilimgharimu kama shilingi 70. Faida 30. Darasa likaridhika, wengine wakaanza kufunga madaftari.

Nikamuuliza: mafuta yakishachoka unayapeleka wapi? Akacheka. Mtaroni. Mtaro ukiziba? Mvua ikinyesha maji yanaingia vyumba vya chini. Nani anazibua? Wapangaji wanachanga. Moshi wa makaa je? Unaondoka na upepo. Lakini kijana amesimama juu yake kutoka saa nne asubuhi mpaka usiku, akishikwa na kifua? Hapo dada alinyamaza kidogo, kisha akasema, kama jambo la kawaida kabisa, "Anaenda kwao kupumzika, natafuta mwingine."

Kwao ni mashambani, na huko kuna mama atakayeuza kuku anunue dawa. Kwa hiyo mama huyo ni mmoja wa wanaogharimia chipo ya Pipeline, na jina lake halimo kwenye daftari lolote. Wapangaji wa vyumba vya chini nao hawamo. Wachumi wana jina refu la gharama za namna hii. Mimi huziita gharama za kumtupia jirani. Kufundisha uwajibikaji wa kijamii kwenye shule ya biashara, ukiondoa mapambo yote, ni kumfundisha mtu kuziona gharama hizo kabla hajajipongeza kwa faida.

Mstari mmoja kwenye orodha ile ulizua mjadala wenyewe: mfuko wa karatasi. Kabla ya tarehe 28 Agosti 2017 chipo zilifungwa kwenye mfuko wa plastiki ambao thamani yake ilikuwa karibu na bure. Haukuwa bure. Uliishia kwenye mitaro na kwenye matumbo ya ng'ombe, na bili ikaenda kwa watu wengine. Siku marufuku ilipoanza, na faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4, gharama iliyokuwa ikitupwa nje iliingia kwenye daftari la kila mwenye kibanda. Hivyo ndivyo sheria inavyofanya kazi ikitaka: inarudisha bili kwa aliyekula. Na kwa kuwa iliwakamata wote kwa mpigo, hakuna aliyeweza kuuza kwa bei ya chini kuliko mwenzake kwa kuendelea na plastiki, angalau hadharani.

Ubishi kuhusu wajibu wa biashara una umri. Howard Bowen, mchumi wa Marekani, aliandika mwaka 1953 kwamba wafanyabiashara wana wajibu unaozidi mizania zao. Mwaka 1970 Milton Friedman, mchumi mwingine wa Marekani, akajibu kwa makala ambayo bado inanukuliwa na kila mwanafunzi anayependa kubishana: wajibu wa biashara ni kuongeza faida. Wanaomnukuu husahau kwamba aliweka masharti, yaani biashara ifuate sheria za nchi na desturi za uadilifu. Mwaka 1991 Archie Carroll, profesa wa usimamizi wa Marekani, akachora piramidi ya wajibu wa kampuni: chini kabisa kupata faida, juu yake kutii sheria, juu yake kutenda haki hata pale sheria iliponyamaza, na kileleni, sehemu ndogo kuliko zote, kutoa misaada. Sisi tumeigeuza miguu juu. Tunaanzia kwenye hundi ya kadibodi.

John Elkington wa Uingereza naye alipendekeza mwaka 1994 kwamba kampuni ipimwe kwa mistari mitatu ya mwisho wa hesabu badala ya ule mmoja wa faida: wa watu, wa mazingira na wa pesa. Wazo likapendwa mno. Mwaka 2018 yeye mwenyewe akatangaza kulirudisha karakana, kama mtengenezaji anavyoyaita magari yenye hitilafu, kwa kuwa makampuni yalikuwa yameligeuza kuwa mizani ya kufidia: tumeharibu hapa, tumepanda miti pale, tuko sawa. Nampenda kwa hilo. Si wengi wanaorudi kukosoa kitu kilichowapa jina.

Shule za biashara ziliingizwa kwenye lawama hasa baada ya Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, kuanguka mwaka 2001 kwa udanganyifu wa hesabu. Kampuni hiyo ilikuwa na kijitabu cha maadili cha kurasa 64, na Jeffrey Skilling, aliyekuwa mmoja wa wakuu wake, alikuwa amehitimu Harvard. Watu wakauliza, kwa haki, huko wanafundishwa nini. Mwaka 2007 Umoja wa Mataifa ukazindua Kanuni za Elimu ya Usimamizi Unaowajibika, zinazojulikana kwa herufi PRME. Zilianza zikiwa 6. Shule inajiunga kwa hiari, inaahidi kuingiza uwajibikaji na uendelevu kwenye malengo, ufundishaji na utafiti wake, kisha inatoa ripoti ya ilichofanya. Ni ahadi na ripoti, askari hayuko.

Kwa Nairobi mambo haya hayako mbali. Makao makuu ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa yaliletwa jijini kwa uamuzi uliofanywa mwaka 1972, na leo yako Gigiri. Upande wa pili wa jiji kuna jaa la Dandora, lililofunguliwa miaka ya 1970, likatangazwa kujaa mwaka 2001, na malori bado yanapanda. Mwalimu anayetafuta maabara ya somo hili hahitaji nauli kubwa. Asubuhi awapeleke Gigiri wasikilize sera, mchana Dandora wazungumze na wanaookota chupa, na jioni waandike nani anamlipa nani.

Mfano ninaoutegemea zaidi, hata hivyo, uko pwani. Owino Uhuru ni kijiji cha Mombasa kilichopakana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kupata madini ya risasi, ambayo ni sumu. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa ofisini kiwandani humo, na kazi mojawapo aliyopewa ilikuwa kushughulikia ripoti ya athari kwa mazingira. Mtoto wake mchanga akaugua, vipimo vikaonyesha risasi mwilini. Alitoka kazini akaanza kupigania kijiji, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi iliwapa wanakijiji fidia ya shilingi bilioni 1.3, kesi ikaendelea kupanda ngazi za rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha fidia hiyo. Nikiisimulia, wanafunzi humwona Omido shujaa, na ni kweli. Mimi huwataka wamwangalie pale alipoanzia: dawati la ofisi, faili mkononi, bosi anasubiri ripoti. Hapo ndipo wao watakuwa. Meneja wa kawaida hakutani na uwajibikaji jukwaani. Anakutana nao Alhamisi alasiri, kwenye karatasi inayosubiri sahihi.

Na si jambo la moyo mwema pekee. Sheria ya Kampuni ya Kenya ya mwaka 2015, kifungu cha 143, inamtaka mkurugenzi anapotafuta mafanikio ya kampuni azingatie matokeo ya muda mrefu, maslahi ya wafanyakazi, uhusiano na wauzaji na wateja, na athari kwa jamii na mazingira. Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi, ibara ya 42. Soko la hisa la Nairobi lilitoa mwaka 2021 mwongozo wa kuripoti mambo hayo kwa kampuni zilizoorodheshwa. Mhasibu anayehitimu leo bila kuyajua ni sawa na dereva asiyejua maana ya taa nyekundu.

Sasa somo hili lifundishwe wapi? Njia ya kawaida ni kuweka kozi moja ya maadili, mara nyingi ya muhula wa mwisho, mara nyingi Ijumaa jioni. Mimi naona hapo ndipo linapozikwa. Kwa wiki kumi na mbili mwanafunzi anaambiwa mto una thamani, na mlango wa pili, kwenye darasa la fedha, mto haumo kwenye hesabu hata mara moja. Atamwamini nani? Atamwamini mwenye namba. Kwa hiyo jambo hili liingie kwenye somo la gharama, la ununuzi, la mishahara, la masoko, na hasa liingie kwenye mtihani, maana kisichotahiniwa hakisomwi. Kuna chuo nilichofundisha zamani ambako tulijaza kurasa kwenye mtaala kuhusu uendelevu, na kwa miaka mitatu mfululizo hakikutokea kwenye mtihani hata kipengele kimoja cha alama tano. Wanafunzi si wajinga. Waliziruka kurasa zile kama mtu anavyoruka dimbwi la maji.

Baada ya mjadala wa chipo nilitunga swali kuhusu biashara ya kuosha magari kando ya mto: hii hapa bei, haya hapa matumizi, kokotoa faida ya mwezi, kisha orodhesha gharama ambazo mwenye biashara hazilipi, taja anayezilipa, na ueleze faida itakuwaje akianza kuzilipa. Alama 20. Nililiweka liwe swali la 3, la hiari. Wengi walilipita wakaenda la 4, la kushusha thamani ya mashine kwa mafungu sawa, ambalo hata usingizini wanalijibu. Muhula uliofuata nililipeleka nambari 1, swali la lazima.